Mama Mdogo Hakumeza

Nilichokiona kwanza ni koo la mama mdogo. Halikucheza.

Mdomo wake uligusa kibuyu. Akakiinua kama anavyofanya siku zote, akafumba macho, akakishusha, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga. Wazee wakaitikia, "Haya, shaka imetoka." Lakini koo halikupanda wala kushuka.

Mama mdogo hakumeza.

Niliona peke yangu. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, kama binti anayeposwa anavyotakiwa kukaa. Ukikaa chini unawaona watu kwa chini: nyayo, magoti, makoo.

Kama leo ndiyo unanisoma kwa mara ya kwanza, naitwa Queen. Jina kubwa, mwenyewe mdogo. Shule niliishia darasa la tano mama yangu alipofariki, nikaja Pongwe kwa mdogo wake, Praxeda, ambaye kazi yake ni kupika pombe ya miwa yenye asali. Nimeshawaeleza mchumba wa kwanza aliyenikimbia, na jiko letu lililoungua. Wiki jana niliwaachia pale wazee wa mchumba wangu Asheri walipokuja kuniposa kutoka Muheza, na baba yake mkubwa, mzee Robert, akaanguka uani kwetu saa tisa mchana akiwa ameshika tumbo.

Sasa nawaambia kilichotangulia.

Kwenye ukoo wetu posa haikamiliki bila pombe ya asali, na pombe hiyo ina masharti mawili. La kwanza, aliyeipika aonje mbele ya wageni kabla hawajagusa, ili wajue hakuna kitu ndani. La pili, binti anayeposwa asitie mkono. Akiipika mwenyewe ni kama amejiposa mwenyewe, na wageni wana haki ya kunyanyuka na kuondoka, posa imekufa.

Sharti la pili tulilivunja siku mbili kabla.

Alhamisi mama mdogo alikuja na miwa na dumu la asali, akaviweka jikoni, akasimama mlangoni mikono ameifunga ndani ya kanga.

"Pika," akaniambia.

"Mimi?"

"Kuna Queen mwingine humu?"

"Mama mdogo, ni pombe ya posa yangu."

"Mgongo unanisumbua. Mikono yako, akili yangu. Nani atajua?"

Nikatwanga miwa, nikakamua, nikamimina maji yake kwenye pipa la bluu, nikatia vipande vya mwegea vinavyoiamsha pombe. Yeye mlangoni, anaelekeza tu. Hata mwiko hakuushika. Ijumaa akaniambia nitie asali.

"Nusu ya dumu, kwa mara moja. Ukishatia funika, usiguse tena mpaka wageni wafike. Asali haitaki kuongezwa ongezwa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nilidhani kweli ni mgongo. Lakini Jumamosi, baada ya koo lile, nikaanza kukumbuka mengine. Pasaka hakugusa kitimoto, ile nyama ya nguruwe, akasema tumbo. Kila Alhamisi anakwenda mjini na kurudi jioni, hasemi ametoka wapi. Asali kwa miaka yote tulinunua kwa akina mama wa Muheza, mara hii kaileta mwenyewe kutoka mahali nisipopajua.

Mzee Robert alikunywa vibuyu vitatu, akanisifu mimi kwa adabu na mama mdogo kwa mkono mtamu. Cha nne hakukimaliza.

Wenzake nao waliugua tumbo, ila kidogo. Walikuwa wakipokezana choo chetu huku mmoja akipiga kelele, "Wewe toka, na sisi tuna matumbo!" Ingekuwa siku nyingine ningecheka.

Jumapili asubuhi jirani yetu Nasma, anayeuza vitumbua, alikuja kurudisha sufuria. Sufuria yenyewe alikuwa nayo tangu mwezi wa Ramadhani.

"Shoga, mlimpa nini baba wa watu?"

"Pombe tu."

"Pombe tu! Pombe tu inambeba mtu miguu juu kama mbuzi wa karamu?" Akachungulia ndani kama mama mdogo yupo. Hakuwepo, alikuwa ametoka tangu alfajiri. Akasogea. "Mimi sinywi, hayanihusu. Lakini barabarani wanasema Praxeda alijifanya kuonja."

"Nani kasema?"

"Mmoja wa wale wazee. Alikuwa anasubiri zamu ya choo, akawa anafikiri." Akanitazama. "Wewe ulikuwa mbele yake. Alikunywa au hakunywa?"

Mimi mtu akiniuliza jambo zito ulimi unalala. Nilichukua sufuria, nikasema asante.

"Haya, mama asante," Nasma akasema. "Siku nyumba ikiungua tena utasema asante kwa moto."

Mchana Asheri akapiga simu. Asheri anapanga machungwa kwenye malori pale Muheza. Si msemaji sana naye, ndiyo maana tulipendana. Tunaweza kukaa kwenye simu kila mmoja akisikiliza mwenzake anavyopumua.

Siku hiyo alizungumza.

"Baba mkubwa wamemtundikia dripu. Daktari anasema tumbo limechafuka, atapona. Lakini wazee hawataki kusikia habari za daktari. Walichukua pombe iliyobaki kwenye chupa. Jumanne wanakuja nayo."

"Kuja kufanya nini?"

"Queen, mama mdogo wako ana neno gani na sisi? Hataki uolewe kwetu?"

"Sijui."

"Alikunywa?"

Nikapumua. Akapumua.

"Kama hakunywa, hii posa hakuna," akasema. "Si mimi. Mimi ningekuja hata kesho na baiskeli. Ni wao." Akakata.

Nikaingia chumbani kwa mama mdogo. Sikuwahi kufanya hivyo. Sanduku lake la bati lilikuwa chini ya kitanda, halina kufuli. Ndani, chini ya vitenge, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Nikaikunjua.

Ilikuwa na maandishi ya Kiarabu. Herufi ileile imerudiwa mstari mzima, halafu nyingine mstari mzima, halafu nyingine. Kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Nikajua sasa. Mama mdogo amekwenda kwa mganga. Ameandikiwa kitu, akakitia kwenye asali, akaniacha mimi nikoroge ili mikono yake ibaki safi.

Dumu la asali lilikuwa bado jikoni, limebaki robo. Lilibandikwa karatasi. Nasoma polepole, lakini nasoma: Abdulghani, Asali Safi, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.

Jumatatu mama mdogo akajitanda kanga, akasema, "Nakwenda Muheza kumwangalia mgonjwa. Nikae naye, niombe radhi."

"Nisalimie mgonjwa, mama mdogo."

Nikamhesabia nusu saa. Kisha nikachukua ile karatasi, nikafunga nyumba, nikaenda mjini Ngamiani.

Duka la asali sikulitafuta sana. Lina meza mbele, madumu yamepangwa, na mtu mzima mwenye kofia na ndevu za mvi chache anachuja asali kwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lita au nusu?"

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Asali uliyomuuzia mama wa Pongwe. Ilikuwa na nini?"

Mzee akaacha kuchuja. "Ilikuwa na asali."

"Watu wameugua."

"Kwa asali yangu?" Akachota kijiko kutoka dumu la karibu, akakilamba mbele yangu, akakigeuza akakilamba na upande wa pili. "Haya. Kaa hapo usubiri nife. Nikifa uwaambie wanangu."

Kutoka ndani ya duka, nyuma ya pazia, nikasikia mwanamke anacheka. Kisha sauti nyingine ikasoma kwa taabu, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Alifu. Be. Te."

Sauti hiyo naijua. Ndiyo iliyonilea.

Nikavuta pazia. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka na mwanamke mwingine mwenye baibui, na daftari mapajani. Yeye aliyesema anakwenda Muheza kwa mgonjwa.

"Queen!"

"Hasina, ndiye binti yako huyu?" mwanamke yule akauliza. "Mbona hukusema ni mzuri hivi? Karibu, mwanangu. Mimi Asmahani, dada yake huyo anayelamba asali ya biashara."

Nikamtazama mama mdogo. "Hasina nani?"

Alifunga daftari, akalilainisha kwa kiganja.

"Mimi," akasema. "Nimesilimu tangu kabla ya Pasaka. Abdulghani ananioa. Tunasubiri wewe kwanza uolewe."

Nikakaa pale pale. Ile karatasi nilikuwa nimeishika mkononi. Asmahani akaiona, akaichukua, akacheka.

"Hii ya wiki ya kwanza! Tazama hizi te, zimelala kama zina homa."

Kumbe ndiyo uchawi wenyewe. Mama mdogo alikuwa anajifunza kuandika.

"Kwa hiyo hukumeza," nikasema.

"Nitamezaje? Tangu nitamke shahada sijaitia pombe kinywani wala sijaishika kuipika. Wateja nawaambia mgongo. Siku ile nilifunga midomo kabisa, na ulipoondoka kwenda kuleta maji nikaisugua kwa majivu."

"Ungesema tu!"

"Niseme kwa nani? Wale wamekuja kuchukua mke kwenye nyumba ya kanisa. Mzee Robert alipiga magoti kusali kabla hata hajakaa. Wakisikia aliyekulea amehama dini, watasema wamedanganywa, na wewe utarudi kukaa uani unanitazama. Mchumba mmoja ameshakukimbia, Queen. Nilitaka huyu afike kanisani, ndiyo nami niseme yangu."

Abdulghani alikuwa amesimama kwenye pazia. Kijiko bado mkononi.

"Pombe gani?" akauliza.

"Hasina. Uliniambia asali ni ya wageni wa posa."

"Ni ya wageni wa posa," mama mdogo akasema, hakuinua uso.

"Wailambe au waikoroge kwenye pombe?"

Asmahani akasema, "Kaka, taratibu."

"Niko taratibu. Nauliza tu. Nimechuja asali ile mara tatu kwa mkono wangu, nikasema inakwenda kwa wageni wa binti yako. Kumbe nimesaidia kupika pombe." Akaweka kijiko mezani polepole sana. "Leo sitasema neno. Nikisema leo nitasema vibaya. Malizeni mambo yenu ya Pongwe, kisha uje tuzungumze. Ila nakuomba jambo moja. Hiyo iwe ndiyo ya mwisho, kuipika na kuigusa."

"Ndiyo ya mwisho," mama mdogo akasema. "Wallahi."

Lilikuwa neno geni kinywani mwake, akalitamka kwa uangalifu kama anabeba yai.

Tulirudi Pongwe. Tulipofika karibu na nyumbani akaniuliza, "Lakini kwa nini wameugua? Miwa ilikuwa mizima. Asali nimeiona ikichujwa. Ulifuata nilivyokwambia?"

"Ndiyo."

Jibu lile lilitoka haraka kuliko majibu yangu yote. Akanitazama kidogo, akaendelea kutembea.

"Basi ni tumbo la Robert lenyewe," akasema. "Kesho wakiuliza, nitasema nilikunywa. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza unajua."

Jumanne saa nne wakaja. Wazee wanne, Asheri nyuma yao, na mzee Robert mwenyewe ameegemea bega lake, amepungua uso. Nikaenda kupiga magoti.

"Shikamoo baba. Pole."

"Marahaba. Sijafa, msinipe pole ya msiba."

Wakakaa. Mimi kwenye mkeka. Nasma alikuwa upande wa pili wa ukuta, anafua nguo ambazo nadhani zilikuwa zimeshafuliwa.

Mzee Robert hakuzunguka. "Mama Praxeda, tunaheshimiana. Nimelala hospitali siku mbili. Wenzangu wanasema uligusa kibuyu na midomo tu. Nami najiuliza, mpishi anaogopa nini kwenye chakula chake?"

"Nilikunywa, kaka," mama mdogo akasema.

"Wewe binti. Ulikuwa hapo chini. Alikunywa?"

Nikainamisha kichwa. Wanaojua adabu wangeita adabu. Asheri alikuwa ananitazama, nilihisi macho yake kwenye utosi.

"Muacheni mtoto," mama mdogo akasema. "Huyu hata jina lake hulisema kwa shida."

"Basi tusisumbuane." Mzee Robert akampa ishara mmoja wao. Yule akatoa kwenye mfuko chupa kubwa ya plastiki iliyojaa pombe yetu. Ilikuwa imevimba, imekaza kama mpira. "Iliyobaki ni hii. Leo tutazame wote. Ukinywa, nitaomba radhi mimi na watu wangu, na posa inaendelea leo hii hii. Usiponywa, tunaondoka na kijana wetu."

Yule mzee akagusa kizibo. Kikaruka. Povu likapanda, likamwagika magotini kwake, likaendelea kuja, linatokota kama mafuta motoni.

"Yesu wangu!" akaruka. "Iko hai!"

"Mnaona?" mwingine akasema. "Pombe iliyokaa siku tatu inafanya hivi? Hiki ni kitu kimetiwa!"

Mama mdogo hakushtuka. Amepika pombe miaka ishirini. Alilitazama povu, kisha akanitazama mimi.

Alitazama muda mfupi tu, lakini nikajua ameelewa. Pombe haitoi povu namna ile baada ya siku tano isipokuwa asali iliongezwa ikiwa imeshaiva, ikaamka upya, watu wakainywa kabla haijatulia, ikaendelea kuchemkia matumboni mwao. Na nani aliyekuwa peke yake na pipa? Jambo moja tu la kusema lilitosha kumtoa: "Si mimi niliyeipika, ni Queen." Wangeondoka na Asheri, lakini jina la mama mdogo lingebaki safi.

Hakulisema.

"Lete kibuyu," akaniambia.

Sikunyanyuka.

"Queen. Lete kibuyu."

Nikaleta. Yule mzee akamimina, povu likajaa kwanza, kisha pombe. Mama mdogo akakishika kwa mikono miwili. Midomo yake ilicheza kidogo, anasema kitu ndani kwa ndani, na nikajua anamwomba nani msamaha.

Upande wa pili wa ukuta maji ya kufulia yalinyamaza.

Akainua kibuyu. Safari hii aliacha midomo wazi.

"Asimeze," nikasema.

Wote wakageuka. Nadhani hata mimi niligeuka kutafuta nani kazungumza.

"Nyamaza, Queen," mama mdogo akasema.

"Mwacheni asimeze, baba. Pombe niliipika mimi, tangu miwa, na sharti nalijua. Na asali ya pili niliitia mimi, Jumamosi asubuhi, mama mdogo akiwa bado amelala. Nilionja nikaona kali. Alishanikataza, nikaongeza tu. Nilitaka mnywe mseme tamu. Nilitaka hata siku moja kitu nilichokifanya mimi kisifiwe, hata kama mngedhani ni cha mtu mwingine."